Mama anataka kuuza kiwanja ili nikasome Leipzig

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Kilimani, Unguja. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB, na nimepata Daraja la Kwanza pointi 8: Fizikia B, Kemia C, Baiolojia C. Tangu mdogo nataka kuwa daktari, na tangu mdogo nasikia habari za Ujerumani, kwa sababu babu mzaa mama alipelekwa huko na serikali mwaka 1966. Alikaa kwanza Leipzig karibu mwaka mzima akijifunza lugha, ndipo akapelekwa mji mwingine kusomea ufundi wa mitambo. Mpaka leo akihesabu chenji anahesabu Kijerumani. Hata hizi fleti tunazokaa walisaidia kujenga Wajerumani wa wakati ule, kwa hiyo kwetu Leipzig si jina geni.

Miezi miwili iliyopita mama alikutanishwa na wakala mmoja wa Dar es Salaam. Anasema atanipatia nafasi ya udaktari Chuo Kikuu cha Leipzig, masomo kwa Kiingereza, kuanza Oktoba. Anataka shilingi milioni 8: milioni 3 za kushikia nafasi, zilizobaki viza ikitoka. Wiki iliyopita alitutumia kwa WhatsApp barua ya kukubaliwa, ina nembo na muhuri. Nimekuambatishia. Barua inasema ada ni euro 4,500 kwa muhula, lakini tukilipa kabla ya mwisho wa mwezi tutapunguziwa nusu. Ameniambia nikishafika nitafanya kazi za usiku, nitajilipia chuo na bado nitatuma nyumbani.

Mama ana kiwanja Fuoni, alichoachiwa na marehemu baba, na mnunuzi ameshapatikana. Mjomba anasema tusubiri. Babu naye anasema yeye hakumbuki jina hilo la chuo, enzi zake kiliitwa Chuo cha Karl Marx, na mimi nimekitafuta hicho kwenye intaneti nikaona si jina la chuo chochote cha sasa. Naogopa kumwambia mama kwamba nina wasiwasi, ataona nimeipiga teke bahati.

Naomba unieleze, chuo hiki kipo kweli? Kikoje? Kinapokea watu kama sisi? Mtu anayevaa hijabu anaishije huko? Na kiwanja tukifanyeje?

Binti wa Kilimani

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na linalowaka. Mwambie mama asisaini kitu chochote kuhusu kiwanja wiki hii, na asitume hata shilingi moja ya hizo milioni 3. Barua uliyoniambatishia nimeisoma mara tatu. Si ya Chuo Kikuu cha Leipzig.

Nakueleza nilivyojua, ili na wewe uweze kumwonyesha mama kwa kidole. Angalia mstari wa ada. Chuo Kikuu cha Leipzig ni chuo cha umma cha jimbo la Saxony, na shahada zake za kawaida hazitozi ada ya masomo, si kwa Mjerumani wala kwa Mzanzibari. Kinachotozwa ni mchango wa muhula, ambao haufiki euro 400, na ndani yake mna tiketi ya tramu na treni. Sasa aliyekutoza euro 4,500 na kukupunguzia nusu anakupunguzia kitu ambacho hakipo. Kisha angalia lugha. Udaktari Leipzig unafundishwa kwa Kijerumani, hakuna kozi ya udaktari ya Kiingereza pale. Halafu shuka chini kabisa, penye akaunti ya kulipia. Ina jina la mtu. Chuo kilichoanza mwaka 1409 hakikusanyi pesa zake kwenye akaunti ya bwana mmoja.

Naandika kwa uchungu kidogo kwa sababu mji huo naujua. Nilisoma Leipzig miaka miwili, shahada ya pili, na mambo mema niliyoyapata pale yananiuma yakitumiwa kumnyang'anya mjane kiwanja chake.

Sasa babu. Babu yako hajakosea, na wala wewe hujakosea kutokukiona. Chuo ni hicho hicho kimoja. Mwaka 1953 serikali ya Ujerumani Mashariki ilikipa jina la Karl Marx, na mwaka 1991, baada ya Ujerumani mbili kuungana, kikarudia jina lake. Historia yake yenyewe ni ya ugomvi tangu mwanzo: walimu na wanafunzi wa Kijerumani walitoka Chuo Kikuu cha Prague mwaka 1409 baada ya mfalme kuwapunguzia kura katika uendeshaji wa chuo, wakafika Leipzig na kuanzisha chao. Kwa Ujerumani, vyuo vilivyofundisha bila kukatika, ni Heidelberg tu kinachokitangulia. Wamepita pale mwanafalsafa Leibniz na mshairi Goethe, Heisenberg amefundisha fizikia pale, na Angela Merkel, aliyekuja kuwa kansela, alisoma fizikia pale kuanzia 1973 hadi 1978, yaani wakati wa jina hilo la babu. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua pale maabara ya saikolojia inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Kitivo cha udaktari kina umri wa miaka 600 na zaidi, kimeanza 1415.

Ukifika uwanja wa Augustusplatz katikati ya mji, utaona jengo la kioo na mawe lenye paa lililochongoka kama la kanisa. Hilo linaitwa Paulinum. Mahali hapo palikuwa na kanisa la chuo lililosimama tangu zama za kati, likanusurika mabomu ya vita, kisha tarehe 30 Mei 1968 serikali yenyewe ikalilipua kwa baruti ili ijenge chuo cha kijamaa. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2017, ni ukumbi wa chuo na mahali pa ibada kwa pamoja. Nilikuwa nikipita pale asubuhi nikielekea kwenye mihadhara, na sikuwahi kupita bila kulitazama. Na hatua chache kutoka hapo lipo kanisa la Nikolaikirche, ambako watu walikuwa wakikutana kila Jumatatu kusali, wakatoka mitaani, hadi tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama 70,000 wakaandamana bila risasi kufyatuliwa. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka.

Na sisi waswahili tuna mkeka wetu pale. Chuo kina taasisi ya masomo ya Afrika, Kiswahili kinasomwa, na mshairi wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alikifundisha pale kuanzia 1995 hadi 2011. Siku yangu ya kwanza kumsikia kijana wa Kijerumani kwenye tramu akimwambia mwenzake "haraka haraka haina baraka," nilishuka kituo kisicho changu kwa furaha.

Kwa hiyo chuo kipo, ni kikubwa, kina wanafunzi karibu 30,000 na vitivo 14, na kinapokea watu kama sisi. Lakini njia yake siyo ile ya wakala. Nakueleza ilivyo, na utaona kwamba ugumu wake hauko kwenye pesa za kumpa mtu.

Kwanza ni cheti. Wajerumani wanauliza kama cheti chako cha kidato cha sita kinalingana na cha kwao kinachomfikisha mtoto chuo kikuu. Jibu hutofautiana kwa nchi, kwa masomo na kwa alama, na shirika lao la kubadilishana wanafunzi, DAAD, lina mahali kwenye tovuti yake pa kuangalia nchi kwa nchi bila malipo. Watu wengi wa kwetu huambiwa wapitie Studienkolleg, ambayo ni shule ya maandalizi ya mihula miwili yenye mtihani wa mwisho. Leipzig inayo ya kwake. Anayetaka udaktari, famasia au baiolojia huingia kozi ya M, anayetaka hesabu, fizikia au uhandisi huingia kozi ya T. Na masomo yake ni kwa Kijerumani, kwa hiyo hata mlangoni kuna mtihani wa lugha. Lugha hupimwa kwa ngazi, kuanzia A1 ya chini kabisa hadi C2 ya juu. Ukiwa chini ya kiwango cha B1 usijaribu, na ukiwa B2 utalala usingizi bila wasiwasi.

Sasa nikuambie kitu ambacho huenda kikamtoa babu machozi. Shule hiyo iko kwenye barabara inayoitwa Lumumbastraße, Barabara ya Lumumba, yaani Patrice Lumumba wa Kongo. Na hapo hapo ndipo ilipokuwa taasisi ya Herder, iliyofundisha Kijerumani vijana wa Afrika, Asia na nchi za Kiarabu waliopelekwa Ujerumani Mashariki. Kama babu alijifunza lugha Leipzig mwaka 1966, haikosi ni pale. Muulize.

Pili ni lugha yenyewe, na hapa ndipo pote pameegemea. Kwa shahada inayofundishwa kwa Kijerumani utatakiwa kufika kiwango kama cha C1, uthibitishe kwa mtihani unaotambulika, DSH au TestDaF. Kwa mtu anayeanza sifuri na kusoma kwa bidii, ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Goethe-Institut ya Dar es Salaam inafundisha na inatoa mitihani. Sikufichi, ni lugha inayochosha mwanzoni. Mimi masomo yangu yalikuwa kwa Kiingereza, nikafika nikijidanganya kwamba Kijerumani si lazima. Wiki ya pili nikaumwa jino. Daktari akaniuliza kitu, nikatikisa kichwa, akauliza tena polepole, nikatikisa tena, mwishowe msaidizi wake akachora meno kwenye karatasi akanipa kalamu niweke alama. Nilitoka pale nikajiandikisha darasa la lugha kabla ya kurudi bwenini. Basi fikiria wewe ndiye daktari, na aliyelala kitandani ni bibi wa miaka 80 anakueleza tumbo linavyomsokota kwa lafudhi ya Saxony. Hakuna Kiingereza kitakachokuokoa hapo. Ndiyo maana udaktari wanaufundisha kwa lugha yao, miaka 6, unaishia kwenye mtihani wa taifa.

Na udaktari una tatizo lingine. Nafasi zake ni chache na zinagombewa nchi nzima, na wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya wanatengewa kama asilimia 5 tu. Mwenye matokeo yako anaweza kujaribu, lakini asiweke maisha yake yote kwenye kapu hilo. Wewe una B ya Fizikia, tena ndiyo alama yako ya juu. Leipzig ina shahada ya kwanza ya fizikia inayofundishwa kwa Kiingereza, ya kimataifa. Sikulazimishi uache udaktari, ila usiukodolee macho mlango mmoja ukasahau nyumba ina mingine.

Maombi huwa hayapelekwi kwa mtu. Yanapitia uni-assist, kituo kinachokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani. Ombi la kwanza ni euro 75, kila chuo au kozi ya ziada muhula huo ni euro 30. Euro 75 ni kama laki mbili na ushee. Iweke kando ya milioni 8 mama aone. Unajaza mwenyewe, unapandisha vyeti vyako mwenyewe, na jibu linakujia mwenyewe. Muhula wa baridi unaanza Oktoba, ila kila kozi ina tarehe yake ya mwisho na zinapita miezi kabla, kwa hiyo anayekuahidi Oktoba hii hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Sasa pesa, kwa sababu ada kutokuwepo hakumaanishi ni bure. Ubalozi hautoi viza ya masomo mpaka uonyeshe utaishi kwa pesa gani. Njia ya kawaida ni akaunti ya kufungia pesa: unaweka za mwaka mzima, kisha ukifika unaruhusiwa kutoa kiasi cha mwezi tu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, jumla euro 11,904. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Pesa hizo ni zako, unazila wewe kwa chumba, chakula na bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi inapita euro 140 kwa mwezi. Lakini lazima ziwepo kabla ya kuondoka, isipokuwa kama una ufadhili au una mtu anayeishi Ujerumani anayekubali kukudhamini kisheria. Wakala hakukutajia hili hata kidogo, umeona? Mama angeuza kiwanja, angempa milioni 8, na bado ubalozini wangekuuliza zilipo milioni 30.

Kazi zipo, nami nilifanya, nilikuwa nikiosha vyombo kwenye mgahawa karibu na stesheni kuu. Mwanafunzi wa kwetu anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Inasaidia kodi na chakula. Kumlipia mtu masomo na kutuma nyumbani, hapana. Na anayesoma udaktari hana hata huo muda.

Umeuliza hijabu. Chuoni utavaa, hakuna atakayekuzuia, na utawakuta wengi wanaovaa. Barabara ya Eisenbahnstraße, upande wa mashariki ya mji, ina maduka ya Waarabu na ya watu wa kila taifa, nyama ya halali utapata, na bamia na mihogo ukitafuta. Jua la Desemba linazama saa 10 jioni na linapochelewa kuchomoza unaamka gizani unarudi gizani, hilo lilinielemea kuliko baridi yenyewe. Lakini sitakuficha upande wa pili. Saxony ni jimbo ambalo chama cha AfD, kinachopinga wageni waziwazi, kilipata kura zaidi ya asilimia 30 katika uchaguzi wa jimbo mwaka 2024. Leipzig yenyewe ni mji wa vijana na wanafunzi, una moyo mpana kuliko vijiji vinavyouzunguka. Nimetukanwa mara mbili kwenye tramu katika miaka miwili. Mara ya pili mama mmoja wa makamo aliyekuwa na mfuko wa viazi alisimama katikati yetu, akamwambia yule mwanamume maneno ambayo Kijerumani changu cha wakati ule hakikuyafikia, mpaka akashuka. Yote mawili ni Leipzig.

Kiwanja msiuze. Si kwamba elimu haistahili kiwanja. Inastahili, na kama siku moja una barua ya kweli mkononi na pungufu ni pesa ya kufungia, kaeni tena na mjomba mlizungumze upya. Ila leo hakuna cha kukinunulia.

Unachofanya sasa ni kuomba udaktari hapa nyumbani, SUZA na Muhimbili, na mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, kabla madirisha hayajafungwa. Kusoma nyumbani hakukufungii Ujerumani. Kwa nchi nyingi, mwaka mmoja au miwili ya chuo kikuu uliyofaulu huongeza uzito wa cheti chako mbele ya Wajerumani, na ukimaliza shahada, ufadhili wa DAAD ndipo ulipo wa maana, kwa sababu wao wanafadhili zaidi shahada ya pili na ya tatu kuliko ya kwanza. Huku unasoma, unapanda ngazi za Kijerumani moja moja. Daktari wa Kizanzibari mwenye C1 anayekwenda kusomea ubingwa anasikilizwa tofauti kabisa na binti wa miaka 19 aliyebeba barua ya WhatsApp.

Kwa mama usiende ukamwambia "umetapeliwa." Mpe hiyo barua, kaa naye, fungueni pamoja tovuti ya chuo sehemu ya gharama, halafu mwonyeshe ule mstari wa ada. Mwache aone mwenyewe. Mjomba awepo. Wakala akipiga simu, mwombeni namba yenu ya maombi ya uni-assist. Akishindwa kuitoa, msibishane naye, hifadhini ujumbe na namba yake ya akaunti mpeleke polisi, maana si nyinyi peke yenu aliowaandikia.

Na leo alasiri, babu akishaswali na kunywa kahawa yake, chukua daftari ukae naye. Mwambie akuhesabie mpaka ishirini, akufundishe kusalimia na kuuliza bei, akusomeshe zile der, die na das, vijineno vinavyotangulia majina ya Kijerumani, alizochapiwa nazo kichwani Lumumbastraße. Kijerumani chake ni cha 1966, kitakuwa na maneno yaliyochakaa, lakini A1 haijali. Nusu saa kila siku kwa miezi miwili, kisha niandikie umefika wapi.

Shangazi